Mgeni wa Jirani: Uhakiki wa Matayarisho ya Wanafunzi wa Uzamili na Uzamivu wa Kiswahili kutoka Burundi, Rwanda na Kongo katika Vyuo Vikuu vya Tanzania na Kenya

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa Kiswahili wanaotoka Burundi, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanavyotayarishwa kusoma katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya. Kwa kuongozwa na mkabala wa literasi za kitaaluma wa Mary Lea na Brian Street (1998), makala inadai kwamba matayarisho yaliyozoeleka hushughulikia vyeti, ada na umbo la tasnifu, ilhali desturi ya kujenga hoja, ambayo ndiyo hasa kipimo cha mwanafunzi, huachwa bila kufundishwa. Uhakiki unajikita katika mambo matano: miongozo ya tasnifu, mapitio ya maandiko, maoni ya msimamizi, istilahi za utafiti, na utahini. Mwishoni yanatolewa mapendekezo manne kwa vyuo na kwa taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Bujumbura na Kigoma ni bandari za ziwa moja, na mfanyabiashara anayevuka baina yake haitaji mkalimani. Mwanafunzi aliyekulia Buyenzi au Lubumbashi, akidahiliwa kusoma Kiswahili Dar es Salaam, Dodoma au Nairobi, hahesabiwi kuwa mgeni kwa maana ileile anayohesabiwa mwenzake aliyetoka Ujerumani au China. Lugha ya darasani ndiyo aliyokuja kuisomea, na amekuwa akiisikia tangu utotoni. Kwa hiyo hudhaniwa kwamba akishakamilisha kibali cha kuishi, ada na malazi, yaliyobaki atayapata kwa kuketi darasani pamoja na wenyeji.

Makala hii inapinga dhana hiyo. Ujirani wa lugha unauficha ugeni wa aina nyingine, yaani ugeni wa utamaduni wa kitaaluma. Mwanafunzi huyu amelelewa katika mapokeo tofauti ya kuuliza swali la utafiti, kumnukuu mtangulizi, kupokea masahihisho na kutetea kazi yake. Kwa kuwa Kiswahili chake kinaeleweka, tofauti hizo hazitambuliwi mapema. Hujitokeza baadaye, tasnifu inapokwama, na hapo hupewa majina yasiyo yake: uvivu, uzito wa kuelewa, au udhaifu wa lugha.

Suala hili lina uzito wa kisera. Mwezi Mei 2017, Wakuu wa Nchi wanachama waliitangaza Afrika Mashariki kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Rwanda na Burundi zilikuwa zimejiunga na Jumuiya tangu 2007, na Kongo ikafuata mwaka 2022. Idara za Kiswahili zinazoanzishwa au kupanuliwa katika nchi hizo zitawahitaji walimu wenye shahada za juu, na wengi wao watasomea kwa jirani. Mwanafunzi mmoja anayeacha masomo katikati ni mhadhiri mmoja anayekosekana Bujumbura, Kigali au Bukavu.

2.0 Usuli: Mapokeo Mawili

Ni kosa kuifikiria tofauti hii kuwa ni ya Warundi na Watanzania, au ya Wakongo na Wakenya. Ni tofauti ya historia ya vyuo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1963 hadi 1970 kilikuwa pamoja na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Upande wa pili, Lovanium ilianzishwa mwaka 1954 karibu na mji unaoitwa leo Kinshasa, ikiwa chini ya malezi ya Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji. Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilianzishwa mwaka 1963 chini ya uongozi wa padri Mdominiko kutoka Kanada, Georges-Henri Lévesque, na Chuo Kikuu cha Burundi kikafuata mwaka 1964. Hivyo, jirani wawili wa ziwa moja walirithi desturi za kitaaluma kutoka miji miwili ya Ulaya, na kila mmoja akazizoea hata akaziona kuwa ndiyo maumbile ya elimu.

Athari za urithi huo zinaonekana hata katika majina ya vyeti. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, licence ilipatikana baada ya miaka mitatu ya graduat na miwili zaidi, ikihitimishwa kwa tasnifu iliyotetewa mbele ya jopo. Katika mfumo mpya wa shahada tatu, licence ni ya miaka mitatu. Mwombaji wa uzamili mwenye licence ya zamani na mwenye ile mpya huweza kusomwa na ofisa wa udahili kama watu wa kiwango kimoja, ingawa mmoja amekwisha kuandika na kutetea utafiti. Rwanda nayo ni hali ya pekee. Tangu ilipoamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia, vijana wake wengi hawana tena mazoea ya Kifaransa waliyo nayo walimu waliowafundisha. Kuwaweka wote hawa katika kundi moja la "wanafunzi wa Kifaransa" ni kuanza matayarisho kwa kosa.

3.0 Mkabala

Lea na Street walitofautisha njia tatu za kuutazama uandishi wa mwanafunzi wa chuo. Ya kwanza ni ya stadi: mwanafunzi ana upungufu wa sarufi, tahajia au mbinu za kunukuu, na upungufu huo hujazwa kwa kozi fupi. Ya pili ni ya ujamiishaji: mgeni huingizwa katika desturi za taaluma hadi zimkae, na desturi zenyewe huchukuliwa kuwa moja na zisizobadilika. Ya tatu, ya literasi za kitaaluma, huuliza pia nani ameziweka desturi hizo, zinatofautianaje kutoka idara hadi idara, na mwenye mamlaka ya kutahini anategemea nini anaposema kazi ni nzuri au mbaya. Waandishi hao hawakuziona njia hizi kuwa ngazi za kuachana. Ya tatu inazibeba mbili za kwanza ndani yake.

Mkabala huu unatuepusha pia na mtego wa Robert Kaplan, ambaye mwaka 1966 alijaribu kueleza uandishi wa wanafunzi wa kigeni kwa kuunasibisha na namna ya kufikiri ya lugha zao za kwanza. Mrundi na Mha wa Kigoma wanazungumza lugha zinazokaribiana sana. Ikiwa mmoja anaandika sura ya kwanza kwa namna ambayo mwenzake haitumii, sababu itafutwe katika shule walizosoma.

4.0 Uhakiki

4.1 Mwongozo wa tasnifu

Matini ya kwanza anayokabidhiwa mwanafunzi ni mwongozo wa uandishi wa tasnifu. Tukiusoma kama tunavyosoma matini nyingine yoyote, tunaona unazungumza kwa sauti ya fundi seremala: upana wa ukingo, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, mahali pa tamko, tabaruku na ikisiri, idadi na mpangilio wa sura. Haya yana umuhimu wake. Hata hivyo, mwongozo unaposema kwamba sura ya pili "itahakiki maandiko yanayohusiana na mada", unatumia kitenzi kimoja kuficha kazi ambayo huchukua miezi. Kuhakiki kwa kusudi gani? Kwa kupanga waandishi kwa tarehe, kwa mada, au kwa misimamo wanayopingana? Mwenyeji aliyefundishwa na walimu walewale katika shahada ya kwanza huenda amelisikia jibu katika maongezi ya ukumbini. Mgeni analo neno tu.

Mfano mwingine ni tatizo la utafiti. Katika mapokeo ya shule ya Kifaransa, mwandishi huunda swali kuu linalobeba mvutano, hulizungukia kwa kupima pande zake, na uamuzi huja mwishoni. Katika vyuo vyetu, mtahini hutarajia kuona mapema pengo la maarifa na dai la mtafiti kuhusu namna atakavyoliziba. Mwanafunzi aliyefundishwa kuchelewesha uamuzi kama dalili ya ukomavu huambiwa "hana tatizo la utafiti". Analo, ila ameliweka mahali ambapo msomaji wake mpya hapatazami. Dakika 20 za maelezo zingetosha kuondoa sintofahamu hiyo, lakini mwongozo hauna ukurasa wa maelezo hayo.

4.2 Mapitio ya maandiko na suala la heshima

Katika taaluma ya Kiswahili, mapitio ya maandiko yana ugumu wa ziada, kwani maandiko yetu mengi ni sehemu ya mijadala iliyowahi kuwa mikali. Chukua ushairi. Kitabu cha Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kinaweka vina na mizani kuwa masharti ya utunzi. Kunga za Ushairi na Diwani Yetu cha Kahigi na Mulokozi, kilichotoka mwaka 1979, kinatetea ushairi usiofungwa na masharti hayo. Kati yake kilitoka Kichomi cha Kezilahabi, mwaka 1974, na mgogoro uliogawa wanataaluma na watunzi.

Mwanafunzi anayevikuta vitabu hivi kwa mara ya kwanza maktabani, bila kusimuliwa mgogoro, huvifupisha kimoja baada ya kingine kana kwamba vinakamilishana: "Abedi anasema, Kahigi na Mulokozi wanasema." Msimamizi huandika pembeni: "Huu ni muhtasari, si uhakiki." Ni kweli. Lakini mwanafunzi hakukosa uwezo wa kuhakiki. Alikosa habari kwamba palikuwa na ugomvi, na alikosa ruhusa ya kuchukua upande. Katika malezi aliyoyapata, kumsahihisha bingwa aliyechapisha kabla hujapata shahada ni utovu wa adabu. Tena ulimwengu wa Kiswahili ni mdogo: anayehakikiwa huenda ndiye atakayekuwa mtahini wa nje. Kumwambia mwanafunzi "kuwa na sauti yako" bila kumwonesha jinsi mwanataaluma kijana anavyompinga mzee wake kwa lugha ya staha ni kumtuma mtoni bila kumfundisha kuogelea. Kiswahili kina nyenzo nyingi za kazi hiyo: "tunakubaliana naye kwa sehemu", "hoja hii ina mashiko, lakini", "data yetu inaelekea kuonesha vingine". Hizi hufundishika, na zinastahili kipindi chake.

4.3 Kalamu ya msimamizi

Mwandishi wa makala hii naye alisoma kwa jirani. Sura yake ya pili ilirudishwa ikiwa na wino mwekundu karibu kila ukurasa: upatanisho wa kisarufi, viambishi, alama za uakifishi. Chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na maneno mawili: "Hoja yako?" Alisahihisha upatanisho wote na kuirejesha baada ya wiki mbili, akiamini kwamba amefanya tisa na limebaki moja. Ilirudi na maneno yaleyale mawili. Ilimchukua muhula mzima kutambua kwamba uzito ulikuwa kinyume: masahihisho yale mengi yalikuwa madogo, na lile moja ndilo lililokuwa likiizuia tasnifu.

Hapa ndipo udhaifu mkubwa wa usimamizi wa wanafunzi hawa ulipo. Kiswahili cha Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura kina sifa zinazokitofautisha na Kiswahili sanifu, na jicho la mwalimu wa Kiswahili limezoezwa kuziona mara moja. Kusahihisha upatanisho ni rahisi na hakuhitaji mazungumzo. Kusahihisha mtiririko wa hoja huhitaji kuketi pamoja. Kwa hiyo kalamu hukimbilia palipo rahisi, na mwanafunzi hujifunza kwamba kazi safi ndiyo kazi nzuri. Ikumbukwe pia kwamba amezoea uhusiano ambamo kauli ya mwalimu ni agizo. Anapoandikiwa "fikiria upya sehemu hii", huiondoa sehemu yote. Akiulizwa "una uhakika?", hufuta dai lake, ingawa msimamizi alitaka tu alitetee.

Zaidi ya hayo, wingi wa masahihisho ya lugha humfunza mgeni kuionea haya lahaja yake, wakati ndiyo data aliyo nayo kuliko mtu mwingine yeyote darasani. Lahaja za magharibi mwa eneo la Kiswahili zinahitaji watafiti wanaozijua kwa ndani. Kumfundisha Mkongo kuandika Kiswahili sanifu ni lazima. Kumfanya aamini kwamba Kiswahili cha mtaani kwao ni mkusanyiko wa makosa ni hasara kwa taaluma yenyewe.

4.4 Istilahi

Mwanafunzi huyu hukutana pia na kutokukubaliana kwetu wenyewe. Tasnifu ya Nairobi huweza kuwa na "suala la utafiti" pale ambapo ya Dar es Salaam ina "tatizo la utafiti". Pengine atasoma "mwauo wa maandishi" au "yaliyoandikwa kuhusu mada", na pengine "mapitio ya maandiko". Shahada ya juu kabisa ni "uzamivu" kwa mmoja na "uzamifu" kwa mwingine. Mwenyeji hukua na istilahi za chuo chake na hazimsumbui. Mgeni anayesoma tasnifu za nchi zote mbili ili ajifunze huanza kushuku kwamba kila neno jipya ni dhana mpya.

Maneno ya Kifaransa yanaongeza utata. Dissertation kwa Kifaransa cha shuleni ni insha ya kurasa chache. Neno lenye maandishi hayohayo kwa Kiingereza humaanisha tasnifu nzima. Syllabus huko Kongo ni kijitabu cha mihadhara ambacho mwanafunzi hukinunua na kukirudia kwa uaminifu katika mtihani. Huku ni orodha ya mada za kozi. Aliyezoea kwamba kulirudia andiko la mwalimu neno kwa neno ni dalili ya umakini hukabiliwa ghafla na programu ya kupima ufanano wa matini, kisha na shutuma ya wizi wa kitaaluma. Kanuni ni sahihi na haipaswi kulegezwa. Lakini ni haki aielewe kabla ya kuadhibiwa nayo.

4.5 Utahini na alama

Mwisho wa safari nao una sura mbili. Katika mapokeo ya Kongo na Burundi, utetezi ni tukio la hadharani: jopo huketi, familia huja, wajumbe hujitenga kushauriana, na tokeo hutangazwa hapohapo pamoja na daraja lake. Katika vyuo vyetu, watahini husoma kwanza na kuandika ripoti, kisha utetezi hufuata, na tokeo la kawaida ni kufaulu kwa sharti la masahihisho. Mgeni anayekabidhiwa kurasa kadhaa za masahihisho huweza kurudi nyumbani akiamini ameaibika, wakati jopo linaamini limempongeza.

Alama nazo hutafsiriwa kwa hesabu tupu. Alama 12 kwa 20, ikizidishwa kwa tano, ni 60 kwa 100. Hesabu ni sahihi, lakini haimwelezi mdahili kwamba katika mfumo huo alama za juu hutolewa kwa nadra, na kwamba 12 yaweza kuwa ya mwanafunzi mzuri. Uamuzi wa udahili au ufadhili unaotegemea kuzidisha peke yake unaweza kumnyima nafasi anayestahili.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba wanafunzi wenyeji nao hawajui mambo haya. Ni kweli, na ni sababu ya kuyafundisha wazi. Mgeni anafichua pengo ambalo wenyeji hulivuka kwa kubahatisha, na wasiobahatika huacha masomo kimyakimya. La pili ni kwamba kumsaidia mgeni ni kushusha viwango. Pingamizi hili linachanganya kiwango na siri. Kipimo kinachojulikana na wote kinaweza kuwa kigumu vilevile, na matokeo yake huaminika zaidi. La tatu ni la gharama, na ndilo zito. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi na vipindi vingi vya shahada ya kwanza hana saa za kuketi na kila mmoja. Ndiyo maana mapendekezo yanayofuata yanategemea kazi ya pamoja kuliko hisani ya mtu mmoja.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, kila idara ianzishe semina ya muhula wa kwanza ambamo tasnifu mbili au tatu zilizokwisha kupitishwa zinasomwa pamoja na ripoti za watahini, kwa idhini ya wahusika na majina yakiwa yameondolewa. Mwanafunzi aone mtahini alisifu nini, alikataa nini, na mtahiniwa alijibu vipi. Semina iwe ya wote, wenyeji na wageni, na ihesabiwe katika mzigo wa kazi wa mwalimu anayeiendesha.

Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa ushirikiano na mabaraza, vyama vya Kiswahili na taasisi za taaluma hii, iandae faharasa linganishi ya istilahi za utafiti: istilahi ya Tanzania, ya Kenya, na mwenzake wa Kifaransa, pamoja na maelezo ya tofauti za matumizi. Lengo la faharasa liwe kumwezesha msomaji, bila kungoja usanifishaji ukamilike.

Tatu, Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki liongeze katika vigezo vyake vya ubora swali kuhusu matayarisho ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu kutoka nchi wanachama, na litoe mwongozo wa kusoma vyeti na alama za mifumo ya Kifaransa, ya zamani na mipya. Kulinganisha sifa kwa karatasi kumepiga hatua. Sasa kulinganishwe desturi.

Nne, matayarisho yaanzie nyumbani, kwa usimamizi wa pamoja. Mwanafunzi wa Kirundi anayefanya utafiti Burundi akiwa amesajiliwa Kenya awe na msimamizi mwenza katika chuo cha kwao, anayeijua jamii ya utafiti na taratibu za vibali vya pande zote mbili. Faida yake haiishii kwa mwanafunzi. Msimamizi mwenza atajifunza utahini wa jirani, na msimamizi mkuu atajifunza kwamba utetezi wa hadharani una mazuri yanayostahili kuigwa, kwani humlazimu mtafiti kueleza kazi yake kwa watu wasio wataalamu.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mwanafunzi anayetoka nchi jirani huja na lugha tunayoielewa na desturi za kitaaluma tusizozitambua, na kwamba matayarisho yetu yanashughulikia zaidi yale ambayo ofisi inaweza kuyahakiki kwa mhuri. Yaliyopendekezwa hapa hayahitaji majengo wala sheria mpya. Yanahitaji idara zikubali kuandika na kufundisha kile ambacho mpaka sasa zimekitegemea kijulikane chenyewe. Idara itakayotaka kuanza inaweza kuanza muhula ujao kwa tasnifu moja iliyopitishwa, ripoti yake ya utahini, na saa mbili za kuisoma pamoja.